Kopo la Dada Mkubwa

Bendi ile ilikuwa na watu saba, basi dogo ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na kati ya hao saba mwanamke alikuwa mmoja tu. Walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu ndiye aliyejua nani ana presha, nani akifika chupa ya tatu anatafuta ugomvi, na nani ameaga nyumbani kwa amani na nani ametoroka. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuwaimbia watu wanaotafuna. Kama umewahi kuimba habari za moyo uliovunjika huku mtu wa meza ya mbele akichokonoa meno, unajua kwamba kazi hiyo inataka uso mkavu.

Anayedhani maisha ya bendi ni starehe hajawahi kubadilisha nguo kwenye stoo ya vinywaji. Dada Mkubwa alikuwa amebadilisha kwenye stoo zisizo na idadi, amesimama juu ya kipande cha boksi ili nyayo zisiguse sakafu yenye majimaji, kioo amekiegemeza kwenye kreti, mpiga besi amesimama mlangoni amempa mgongo ili mlevi asije akaingia akitafuta choo. Aliweza kupiga pasi gauni juu ya godoro. Aliweza kulala ameketi, mkoba umebanwa kwapani, na kuamka bila kuambiwa kila basi lilipopunguza mwendo. Gesti zote zilikuwa zimegeuka kuwa chumba kimoja kwake, chenye ndoo, taa inayoning'inia na ukuta mwembamba unaokulazimisha kusikia kikohozi cha jirani. Akiulizwa anaishi wapi alijibu, "Kiti cha nyuma ya dereva," na watu walicheka wakidhani anatania.

Kitu kimoja alichokitunza kwelikweli ni koo. Hakunywa vya baridi, hakupiga kelele, na wakati wa kujaribu vyombo mchana hakuimba hata neno moja. Waimbaji wengine wakijaribu maiki huimba kipande cha wimbo. Yeye alihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa, kisha anarudi nyuma polepole mpaka moja, mara nyingi kadiri fundi mitambo alivyotaka. Kiongozi wa bendi, mzee wa gitaa la rithimu, hakuchoka kumtania. "Watoto kaeni chini, mwalimu wa darasa la kwanza ameingia." Naye akimjibu humohumo kwenye maiki, "Nne, tano, na wewe toka nje, sita."

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kumsikia akiimba. Nafasi zilikuwepo tele, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. "Nguo nitakushonea, maana siwezi kukuacha utembee uchi," alimwambia tangu mwanzo. "Lakini kukusikiliza ukiwaimbia walevi, hapana mwanangu, hilo usiniombe." Na kweli alimshonea. Magauni yote ya jukwaani yalitoka kwenye cherehani ile, mikono mirefu, shingo imefungwa, hata wenzake wakawa wanamuuliza kama anakwenda kuimba au kusuluhisha ndoa ya watu. Kila mwaka mama alimpima kiuno, akaongeza kidogo kwenye karatasi yake ya vipimo, akanyamaza. Redio ikipiga wimbo wa bendi yao aliizima na kusema betri zinaisha. Jambo hilo lilimuuma Dada Mkubwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Moyoni alibaki na hakika moja ya kitoto, kwamba siku mama atakapomsikia, hata mara moja tu, atalainika.

Sasa mama alikuwa kitandani mwezi wa tatu, figo zimechoka. Mdogo wa kiume wa Dada Mkubwa, aliyekuwa akimuuguza, alipiga simu kila baada ya siku mbili tatu. "Mama anakuulizia." Jibu lilikuwa lilelile: mkataba wa wiki tatu unaisha Jumapili, Jumatatu alfajiri yupo kwenye basi. Alikuwa ameshajipangia kila kitu. Atafunga mlango wa chumba, atakaa kwenye ukingo wa kitanda, na mama akitaka asitake atamwimbia. Wimbo aliuchagua zamani. Aliutunga mwenyewe, wa fundi cherehani anayeshona mpaka macho yanamwisha, na bendi iliupiga katika kila onyesho, wimbo wa nne. Wanaume wazima waliulilia, vichwa juu ya meza. Aliyeimbwa ndani yake hakuwa amesikia hata ubeti mmoja.

Nilipaswa kuanza na kopo, lakini bila mama kopo lenyewe lisingekuwa na maana. Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, la mviringo, picha ya maua imefutika juu ya mfuniko. Miaka tisa nyuma mpiga tarumbeta wao alipokea simu katikati ya nyimbo mbili, akaambiwa nyumba yake imeungua, akaanguka palepale jukwaani. Wateja wakadhani amelewa, wakazomea, viti vikaruka, na mwenye baa akawafungia vyombo na basi uani kwa siku tatu. Mpiga tarumbeta mwenyewe hakufika kwake mapema hata kwa dakika moja. Bendi nusura ivunjike. Ndipo Dada Mkubwa alipolimwaga lile kopo sindano na vifungo, akaliweka mezani, akatoa sheria.

"Simu zote humu, tangu kujaribu vyombo mpaka wimbo wa mwisho. Asiye na kazi kwa wakati huo anakaa na kopo na kupokea. Habari njema, mwenyewe anaambiwa papo hapo. Habari mbaya inangoja. Anaambiwa kiongozi peke yake ili apange nyimbo. Na hakuna kuuliza kama kuna kitu kwenye kopo."

Wote waliafiki, tena kwa shukrani. Kiongozi akaongeza lake: orodha ya nyimbo ilibandikwa sakafuni karibu na maiki, na mtu akiwa na msiba koponi, wimbo wowote unaogusa msiba wake ulipigwa mstari. Sheria ile iliiokoa bendi, sitadanganya. Lakini mtu anayelishika kopo la habari za wenzake miaka tisa huanza kujiona ana haki ya kuamua lini mwenzake alie, na Dada Mkubwa alifika huko bila kujijua.

Mpiga dramu waliyemwita Kiberiti, kwa wembamba wake na kwa namna alivyowaka upesi, alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Miaka miwili iliyopita, mkewe alipiga simu saa tisa alasiri. Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa na kopo. Mtoto alikuwa na degedege, wanamkimbiza hospitali, baba yake aje. "Nitamwambia," alisema. Kulikuwa na saa mbili kabla ya onyesho na malori ambayo yangeweza kumbeba yakipita barabarani kila mara. Akamwambia kiongozi, wimbo wa kubembeleza watoto ukapigwa mstari, na Kiberiti akapiga dramu mpaka saa tatu usiku akimkonyeza mhudumu mmoja. Alipoambiwa, aliuliza swali moja tu.

"Alipiga saa ngapi?"

"Saa mbili hivi," Dada Mkubwa alisema, bila kupepesa.

Alifika asubuhi, mtoto ameshahifadhiwa mochwari. Dada Mkubwa alijiambia kwamba amemwongopea kwa huruma, kwamba ukweli ungemmaliza bure. Kuna usiku aliamini. Kiberiti alirudi kazini baada ya mwezi, akakaa nyuma ya dramu zake, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiwaka tena. Jina tu ndilo lililobaki.

Jumapili ya mwisho ya mkataba iliwakuta kwenye baa yenye uzio wa mabati na jukwaa la mbao lililokuwa likibonyea upande mmoja. Walianza kujaribu vyombo saa nane mchana, jua likichoma. Kiberiti alimaliza kwanza, kama kawaida, akaenda kuketi kwenye ngazi ya jikoni, kopo mapajani. Dada Mkubwa akashika maiki. Spika zilikuwa zikipiga mluzi, fundi mitambo akawa anahangaika na nyaya, na kwa karibu robo saa kazi yake ikawa ileile. Moja, mbili, tatu. Rudia, Dada. Nne, tano. Bado, rudia.

Katikati ya hesabu alimwona Kiberiti amesogea mpaka mbele ya spika kubwa, mkono mmoja ameuinua juu na simu kiganjani, sikio moja ameliziba kwa kidole. Alijiuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayetafuta mtandao mbele ya spika. Kisha fundi akamwambia aanze upya kutoka moja, akaanza upya.

Walikula, wakapumzika kivulini. Alikuwa ameshafunga begi lake tayari kwa Jumatatu na kumnunulia mama khanga mbili na mafuta ya kuchua. Saa kumi basi la mwisho la siku lilipiga honi kituoni, ng'ambo ya barabara, likaondoka. Alilisikia na kufikiri kwamba kesho kwa wakati huo atakuwa nyumbani. Kiongozi alikuwa mpole ajabu mchana huo. Mpiga besi alimletea kiti bila kuombwa. Alichukulia kwamba ni kwa sababu ya mkataba kuisha, watu huwa na roho nyepesi.

Onyesho likaanza saa kumi na moja. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukanyanyua watu vitini. Alipoinama kuweka chupa ya maji sakafuni akaiona orodha. Wimbo wa nne ulikuwa umepigwa mstari, wino mweusi, mara mbili.

Alitazama huku na huku akitumaini kuona sababu nyingine, labda mpiga kinanda ana mama mgonjwa, labda mpiga besi, lakini mama zao wote wawili walizikwa zamani na yeye alikuwepo. Akageuka nyuma. Kiberiti alikuwa akimtazama. Hakukwepesha macho. Akagonga fimbo zake mara nne kuanzisha wimbo wa tatu, na Dada Mkubwa akafungua mdomo akaimba, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea. Aliimba mapenzi, aliimba pombe, alimwomba mwenye koti jeupe anyanyuke acheze, na mwenye koti jeupe akanyanyuka. Watu waliomwona siku ile husema hakuwahi kuimba vizuri vile. Yeye hakusikia alichoimba.

Mapumziko yalikuwa saa kumi na mbili na nusu. Alimkuta Kiberiti kwenye ngazi ileile ya jikoni, kopo mapajani. Walikuwa wawili tu.

"Maji, Dada?"

"Nishayanywa."

Kopo lilikuwa umbali wa mkono mmoja. Angeweza kulifungua. Lilikuwa lake, sheria ilikuwa yake, na hakuna mwanamume katika bendi ile ambaye angethubutu kumshika mkono. Lakini angelifunguaje mbele ya huyu? Kama kopo hufunguliwa, basi lingeweza kufunguliwa siku ile saa tisa alasiri, na mtu huyu angempata mtoto wake akiwa bado na joto. Tena kulikuwa na woga mtupu: akiwa hajaambiwa, mama alikuwa bado yupo.

"Joto limezidi leo," alisema.

"Limezidi," Kiberiti alijibu.

Akarudi jukwaani. Wakati huo mama alikuwa hai bado, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili, na simu ya mdogo wake ilikuwa juu ya kimeza kando ya kitanda. Hilo alikuja kulijua baadaye, na kwa hilo hakuweza kumlaumu mtu mwingine.

Saa tatu usiku wimbo wa mwisho ulikwisha. Kiberiti alimfuata kwenye stoo na kopo mkononi, kiongozi nyuma yake amevua kofia. Dada Mkubwa alikuwa ameketi juu ya kreti, bado amevaa gauni la mama la mikono mirefu.

"Dada Mkubwa," kiongozi alianza, "maisha haya..."

"Niache na maisha haya. Semeni."

"Mama hatunaye," Kiberiti alisema. "Saa moja na robo."

Alitikisa kichwa polepole. Machozi hayakuja. Alisikia swali likimtoka, na kabla halijaisha alilitambua, kwa maneno yaleyale.

"Simu ya kwanza ilipigwa saa ngapi?"

Aliomba moyoni adanganywe. Saa kumi na mbili ingetosha. Saa kumi na moja tu, basi liwe limekwisha kuondoka.

"Saa nane na dakika ishirini," Kiberiti alisema. "Mama alikuwa ameamka na nafuu kidogo. Mdogo wako alisema anataka kusikia sauti yako. Akasema pia kama unaweza, uje leoleo, huenda kesho usimkute."

"Kituo kiko hapo ng'ambo."

"Najua."

"Basi liliondoka saa kumi, nikilisikia kwa masikio yangu. Na hukuniambia."

"Sheria ya kopo, Dada."

Alisema bila ukali, bila dhihaka, na heri angetukana. Kiongozi akajikohoza. "Mimi ndiye niliyesema tungoje. Usimlaumu yeye." Hakuna aliyemsikiliza, akatoka nje.

Kiberiti aliliweka kopo sakafuni. "Mke wangu alipiga saa tisa," alisema. "Siku ile. Aliniambia kwenye mazishi, akanionyesha mpaka kwenye simu yake. Nilirudi hapa nikakaa nyuma yako miaka miwili nikingoja uniambie mwenyewe."

Dada Mkubwa alifunua mdomo. Lile koo alilolitunza kwa maji ya uvuguvugu miaka ishirini na miwili lilimkatalia. "Nisamehe," alisema mwishowe, lakini ilitoka pumzi tu, haikuwa na sauti.

Kiberiti alisimama akiutazama mlango. "Leo nilitaka ulipwe," alisema. "Sikufichi. Nilipoipokea ile simu nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikasikia mama anapumua upande wa pili. Nilitaka kukata, mkono ukakataa. Sheria inasema usiambiwe. Haisemi yeye asikusikie. Nikaenda nikamshikia simu mbele ya ile spika kubwa."

Ilichukua muda kumwingia. Mkono ulioinuliwa. Kidole sikioni.

"Nilikuwa naimba nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ulikuwa unahesabu."

Akamtolea simu yake kutoka koponi, akamwekea kiganjani, akavuta mlango nyuma yake. Nje wahudumu walikuwa wakipanga viti juu ya meza. Dada Mkubwa alikaa na ile simu mpaka kioo kikazima, akakiwasha tena, akampigia mdogo wake. Kwa muda walilia wote wawili bila neno, kama walivyolia utotoni wakichapwa pamoja. Ndipo akauliza.

"Alinisikia?"

"Alikusikia, dada. Nilimwambia ni wewe huyo, uko kazini. Akaniomba nimsogezee simu sikioni, akasikiliza mpaka mwisho. Hata tabasamu alitoa."

"Hakusema kitu?"

Mdogo wake alipenga kamasi.

"Aliniuliza, 'Anahesabu nini huyu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui, mama. Jumatatu akija tutamuuliza."